Hina Iliyokolea na Ngozi Iliyo Salama: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupaka

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, ni nadra bibi harusi kutolewa ndani bila kupakwa hina mikononi na miguuni. Hina hupakwa pia wakati wa Idi, na siku hizi watalii huchorwa ufukweni kama kumbukumbu ya safari. Popote inapopakwa, matarajio ni yaleyale: rangi ikolee na idumu.

Matarajio hayo hayana ubaya wowote. Tatizo huanza pale rangi iliyokolea inapotafutwa kwa njia ya mkato. Kliniki za ngozi hupokea watu wenye malengelenge yaliyofuata mistari ya maua waliyochorwa siku chache zilizopita, na wengi wao husema kwamba wamedhuriwa na hina. Kwa kawaida si hina iliyowadhuru, bali ni kemikali ya kutia nywele rangi nyeusi iliyochanganywa na hina au kutumiwa badala yake.

Makala haya yanaeleza jinsi hina inavyotia ngozi rangi, namna ya kuifanya ikolee kwa njia salama, na madhara ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kuyafahamu.

Rangi ya hina hutoka wapi

Hina ni unga wa majani makavu ya mhina, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Lawsonia inermis. Mti huu hustawi katika nchi zenye joto, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki, Sudan, Yemen, India na Pakistan. Ndani ya majani yake mna viambata ambavyo, vinapolowekwa katika majimaji yenye uchachu kidogo, huachia kiini cha rangi kiitwacho lawsoni. Kiasi chake ni kidogo, takriban asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa jani kavu, lakini hutosha kutia rangi ngozi, kucha na nywele.

Lawsoni haifanyi kazi kama rangi ya ukutani, inayokaa juu ya kitu na kubanduka. Huingia katika tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye seli zilizokwisha kufa, na kushikamana na protini iitwayo keratini. Kwa sababu hiyo, sabuni haiwezi kuiondoa yote mara moja. Rangi hutoweka polepole kadiri seli hizo zinavyopukutika, na muda wake kwa kawaida ni kati ya wiki moja na wiki tatu.

Maelezo hayo yanajibu swali ambalo wengi huuliza: kwa nini hina hiyohiyo hukolea kiganjani na kufifia mkononi juu ya kiwiko? Ngozi ya viganja na nyayo ina tabaka nene la keratini, kwa hiyo hupokea rangi nyingi. Ngozi ya nyuma ya mkono ni nyembamba zaidi, na ya bega au kifua ni nyembamba kuliko hiyo. Hakuna ufundi wa mpaka hina unaoweza kuifanya ngozi ya kifua ishike rangi kama unyayo.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba rangi ya hina hukomaa kwa muda. Hina inapobanduliwa, ngozi huonekana ya rangi ya chungwa. Katika saa 48 hadi 72 zinazofuata, lawsoni iliyomo ngozini huendelea kubadilika inapokutana na hewa, na rangi hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia na hatimaye kahawia iliyokolea. Kiganjani inaweza kukaribia weusi. Mwenye kukata tamaa kwa kuona rangi ya chungwa usiku wa kwanza amehukumu kabla ya wakati.

Namna ya kupata rangi iliyokolea

Ubora wa rangi hutegemea mambo manne: unga wenyewe, namna ulivyolowekwa, muda hina inaokaa mwilini, na uangalizi wa siku mbili za mwanzo.

1. Chagua unga mzuri. Unga uwe mpya, laini, uliochekechwa vizuri na wenye harufu ya majani makavu. Unga uliokaa muda mrefu kwenye joto na mwanga hupoteza nguvu. Uhifadhi ndani ya chombo kilichofungwa, mahali pa giza na penye ubaridi.

2. Loweka kwa majimaji yenye uchachu kidogo. Maji ya ndimu yaliyozimuliwa kwa maji ya kawaida yanatosha. Uchachu husaidia kuachia rangi taratibu na kuizuia isiharibike mapema. Usitumie maji yanayochemka, kwa kuwa joto kali hudhoofisha rangi. Wengi huongeza sukari kidogo ili hina iwe laini, ishike ngozi na isikauke upesi ikabanduka.

3. Iache ikomae. Katika joto la pwani, hina iliyolowekwa huwa tayari baada ya saa kadhaa. Mahali penye baridi huhitaji kulala usiku kucha. Ili kupima, weka tone dogo kiganjani kwa dakika tano kisha ulifute. Likiacha doa la rangi ya chungwa, hina iko tayari. Ikikaa siku nyingi bila kutumiwa, nguvu yake hupungua, ila ikigandishwa ndani ya friza hudumu kwa muda mrefu.

4. Andaa ngozi. Osha mikono na miguu kwa sabuni na ukaushe vizuri. Usipake mafuta wala losheni kabla ya hina, kwa sababu hujenga utando unaozuia rangi kupenya. Kama kuna kusugua nyayo au kuondoa nywele, kufanyike siku moja au mbili kabla. Usipake hina juu ya kidonda, mpasuko au ngozi yenye upele.

5. Iache hina mwilini kwa muda wa kutosha. Saa sita hadi nane huleta matokeo mazuri kuliko saa moja au mbili. Ndiyo maana desturi ya kulala na hina, mikono ikiwa imefungwa kwa kitambaa laini, ina mantiki ya kisayansi. Joto la mwili nalo husaidia rangi kupenya. Hina iliyoanza kukauka inaweza kuloweshwa taratibu kwa pamba yenye ndimu na sukari, ili ibaki na unyevu.

6. Bandua bila maji. Hina ikikauka, ikwangue kwa ukucha au kwa kisu butu cha mezani, kisha ufute mabaki kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Jitahidi ngozi isiguse maji kwa saa 12 hadi 24 za mwanzo. Kwa wanaotawadha, wapishi na wenye watoto wadogo jambo hili si rahisi, hivyo ni vyema kupanga saa ya kupaka kwa kuzingatia shughuli zinazofuata.

7. Linda rangi iliyokwisha kukolea. Paka mafuta kidogo kabla ya kuoga au kuosha vyombo. Klorini ya bwawa la kuogelea, sabuni kali, dawa ya kufulia na kusugua kwa dodoki huharakisha kufifia.

Kwa bibi harusi, hesabu ni nyepesi. Akipakwa hina siku mbili au tatu kabla ya sherehe, rangi itakuwa imefika kilele siku yenyewe. Akipakwa jioni ya kuamkia harusi, ataamka na rangi ya chungwa, na hapo ndipo kishawishi cha kutumia njia ya mkato kinapoingia.

Viongezwa: vinavyosaidia na vinavyodhuru

Wapaka hina wengi huongeza matone ya mafuta yenye harufu kali, kama ya karafuu au mkaratusi, ili rangi ikolee zaidi. Mafuta haya yanaweza kusaidia, lakini si maji ya kunywa. Mafuta ya karafuu yakizidi huunguza ngozi na huweza kusababisha mzio kwa baadhi ya watu. Yatumike kwa matone machache, na yasitumike kabisa kwa watoto wadogo.

Ndimu nayo inahitaji tahadhari. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua yanaweza kusababisha wekundu, malengelenge na mabaka meusi yanayokaa kwa wiki nyingi. Aliyepakwa ndimu na sukari akae kivulini mpaka hina ibanduliwe na ngozi ifutwe vizuri.

Petroli, mafuta ya taa na tapentaini havina nafasi katika hina. Vimiminika hivi huwasha ngozi, mvuke wake hudhuru mapafu, na ni hatari ya moto kwa mtu anayeketi karibu na jiko au chetezo.

Joto pia lina mpaka wake. Baadhi ya watu hukausha hina kwa kuweka mikono na miguu juu ya makaa au moshi wa karafuu. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu asifanye hivyo kamwe, kwa kuwa anaweza kuungua bila kujua, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo zito.

Piko na ile iitwayo hina nyeusi

Hakuna hina safi inayotoa weusi wa wino ndani ya saa moja. Rangi hiyo, inayopendwa kwa mistari myembamba inayozungushwa maua ya hina nyekundu, hujulikana pwani kwa jina la piko. Mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa kutia nywele rangi nyeusi, uliochanganywa na maji au na kiamshi cha rangi. Kemikali kuu ndani ya unga huo ni parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD.

PPD ilikusudiwa nywele, kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, na bila kugusa ngozi kwa kadiri iwezekanavyo. Katika Umoja wa Ulaya kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika rangi ya nywele wakati wa kupakwa ni asilimia 2, na hairuhusiwi katika vipodozi vya kupaka ngozini. Nchini Marekani pia, rangi za nywele zenye PPD hazikuidhinishwa kuchorea ngozi. Hata hivyo, baadhi ya sampuli za hina nyeusi zilizopimwa maabara zimekutwa na PPD ya zaidi ya asilimia 15. Mwaka 2006, chama cha madaktari wa mzio wa ngozi nchini Marekani kiliitaja PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, ili kuvuta macho ya umma kwenye tatizo hili.

Msomaji anaweza kuitambua kwa dalili zifuatazo. Rangi ni nyeusi tangu inapobanduliwa, bila kupitia rangi ya chungwa. Mchoraji anasema iache kwa nusu saa au saa moja tu. Mchanganyiko hauna harufu ya majani, bali una harufu ya dawa ya nywele au hauna harufu kabisa. Koni iliyofungwa dukani inadai kwamba haiharibiki kwa miezi mingi bila ubaridi, wakati hina halisi iliyolowekwa hupoteza nguvu ndani ya siku chache. Kifungashio hakitaji viambato. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, uliza ni nini kilichomo. Ukikosa jibu, usipakwe.

Wengi husema, "Mimi nimepaka piko miaka yote na sijadhurika." Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli hadi mara moja kabla ya madhara. Mzio haujitokezi lazima mara ya kwanza. Mwili huweza kuizoea sumu hiyo kwa namna mbaya: kinga huitambua kama adui, huihifadhi katika kumbukumbu yake, na mara inayofuata huishambulia kwa nguvu. Kumbukumbu hiyo kwa kawaida hudumu maisha yote.

Dalili za mzio na hatua za kuchukua

Kwa mtu ambaye kinga yake imekwisha kuizoea PPD, dalili huanza baada ya siku moja hadi tatu. Kwa anayepata mzio kwa mara ya kwanza, zinaweza kuchelewa hadi wiki moja au mbili, wakati ambapo wengi wameshasahau kuihusisha na piko. Dalili hizo ni mwasho mkali, wekundu, uvimbe, na malengelenge yanayofuata mchoro ule ule. Yakipona, ngozi inaweza kubaki na baka jeusi, baka jeupe, au kovu lililovimba. Kwa watoto weupe huo huweza kuchukua miezi mingi kurudi katika hali ya kawaida.

Mgonjwa aoshe sehemu hiyo kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, asipasue malengelenge, na asipake dawa ya meno, majivu wala ndimu. Afike kituo cha afya mapema. Mhudumu wa afya atafikiria krimu ya steroidi yenye nguvu ya kutosha kwa eneo husika, vidonge vya prednisoloni iwapo eneo ni kubwa au uso umevimba, na dawa ya kuua bakteria endapo kuna usaha. Dawa za kupunguza mwasho zinaweza kumsaidia mgonjwa kulala, ingawa peke yake haziondoi mzio wa aina hii.

Kazi haiishii hapo. Mgonjwa aelezwe wazi kwamba hatakiwi tena kutumia rangi ya nywele yenye PPD, kwa sababu uso na kope vinaweza kuvimba kwa kiasi cha kutisha. Baadhi ya wagonjwa hawa pia hupata mzio kwa vitu vinavyofanana na PPD kikemikali, kama vile dawa ya ganzi iitwayo benzokaini, baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya mipira myeusi. Jambo hili liandikwe kwenye faili lake. Uthibitisho hufanywa kwa kipimo cha kubandika mgongoni katika kliniki ya ngozi. Mgonjwa asijipime nyumbani kwa kujipaka tena.

PPD ikimezwa, kwa ajali au kwa kukusudia, ni dharura ya kweli. Madaktari wa Sudan, Morocco, India na Pakistan wameeleza mfululizo wa dalili: uvimbe wa uso na shingo unaoziba njia ya hewa ndani ya saa chache, maumivu ya misuli, mkojo mweusi kama kahawa, na hatimaye figo kushindwa kufanya kazi. Kwanza linda njia ya hewa, kisha anzisha maji ya mshipani na kupima mkojo, na umpeleke mgonjwa haraka katika hospitali yenye huduma ya kusafisha damu. Unga huu uwekwe mbali na watoto kama inavyowekwa sumu ya panya.

Watoto na upungufu wa G6PD

Hina safi ni salama kwa watu wazima walio wengi, lakini kuna kundi moja linalohitaji tahadhari. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Hali hii ni ya kurithi, huonekana zaidi kwa wavulana, na hupatikana kwa wingi katika maeneo ambayo malaria imeenea kwa vizazi vingi, ikiwemo pwani yetu na nchi za Ghuba.

Lawsoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za watu hawa. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo hina iliyopakwa sehemu kubwa huweza kuingia kwenye damu kwa kiasi cha kudhuru. Majarida ya tiba yameripoti watoto waliopata upungufu mkubwa wa damu na umanjano baada ya kupakwa hina. Ushauri ni kwamba mtoto mchanga asipakwe hina, hata iwe safi. Mtu yeyote anayejulikana kuwa na upungufu wa G6PD, au aliyewahi kupata mkojo mweusi baada ya kutumia dawa kama primakwini au dapsoni, aiepuke pia. Mtoto akionyesha umanjano wa macho, uchovu au mkojo mweusi baada ya hina, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hina inapoficha dalili

Mhudumu wa afya hufundishwa kutazama viganja ili kutambua upungufu wa damu kwa mtoto na kwa mama mjamzito. Kiganja chenye hina hakisemi chochote. Tazama utando wa ndani wa kope, ulimi na midomo, na upime himoglobini iwapo kipimo kipo. Vivyo hivyo, kucha zilizotiwa hina huficha rangi ya buluu ya kukosa oksijeni na huzuia kupima kasi ya damu kurejea kwenye ukucha.

Kipima oksijeni cha kidoleni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye nyama ya kidole. Hina nyekundu kwa kawaida haikisumbui sana, lakini tabaka jeusi zito linaweza kuzuia mwanga na kuleta namba isiyo sahihi au kukosa namba kabisa. Jaribu kidole kisichopakwa, au ndewe ya sikio kwa kifaa kinachofaa. Kwa upasuaji uliopangwa, mgonjwa aambiwe mapema aache angalau kidole kimoja bila hina wala piko. Huduma ya dharura isicheleweshwe kwa sababu ya hina.

Hitimisho

Hina halisi haikolei kwa haraka. Hukolea kwa unga mzuri, ngozi safi, usiku mmoja wa subira na siku mbili za uangalizi. Anayeahidi weusi ndani ya nusu saa anauza kitu kingine.

Wahudumu wa afya wa kliniki za wajawazito na za watoto wana nafasi nzuri ya kueneza ujumbe huu, kwa kuwa wanakutana na familia kabla ya sherehe, si baada ya madhara. Swali moja linatosha kufungua mazungumzo: "Mnapanga kupaka hina au piko?" Wapaka hina, masomo na makungwi nao washirikishwe, kwa kuwa bibi harusi huwasikiliza wao kabla ya kumsikiliza daktari. Bidhaa inayodhuru ngozi iripotiwe kwa mamlaka inayosimamia vipodozi, pamoja na kifungashio chake, ili mwingine asidhurike kwa bidhaa hiyohiyo.